Nimemtaga baba mkwe, sasa kila nikisalimia naletewa mayai

Shikamoo Bibi Sarufi,

Najua wengine wanakuletea matatizo ya ndoa na ya pesa. Mimi nakuletea vitenzi. Ila usicheke kwanza, maana vitenzi vyenyewe vimeshaingia ndani ya ndoa.

Nimeolewa, huu ni mwaka wa pili. Upande wa mume wangu wana kundi la familia la WhatsApp lenye watu 46, kuanzia babu anayetuma sala alfajiri hadi watoto waliopewa simu juzi. Mkubwa wa kundi ni baba mkwe. Alifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 34, akastaafu, lakini kalamu nyekundu hakuirudisha. Ukiandika "masaa", anakurudishia "saa". Ukiandika "tafadhari", anakurudishia ile l yako bila neno lingine lolote, l tupu, kama mtu anayekuokotea kitufe cha shati.

Basi wiki mbili zilizopita nikaweka Facebook picha za sherehe ya miaka 40 ya ndoa yao. Picha zilikuwa nzuri, mama mkwe anacheka, baba mkwe amejikaza kama anasimamia mtihani. Nikaambatanisha jina lake ili azione, kisha kwa heshima zangu zote nikaandika kundini: "Shikamoo baba. Nimekutaga kwenye picha, naomba uangalie."

Kimya. Nikaona "anaandika…", ikapotea. Ikarudi. Ikapotea tena. Halafu jibu likatua:

"Marahaba mwanangu. Mimi nilizaliwa. Sikutagwa."

Bibi, mbele ya watu 46! Wifi mdogo akaweka emoji ya kuku. Shemeji akaweka yai, mwingine mayai matatu. Mpaka leo nikiandika "habari za asubuhi", lazima yupo wa kunijibu kwa yai.

Kesho yake nikajaribu kujisafisha, nikaandika: "Samahani baba, mimi sikutagi tena." Akajibu: "Ipi kati ya maana zake tatu?" Sikujua hata moja.

Baada ya hapo ikatoka amri. Kundini ni marufuku kuposti, kulaiki, kushea, kufolo na kutagi hadi BAKITA itakapotoa idhini. Badala yake tuseme kutundika, kupendezwa, kushirikisha na kufuata. Kwa hilo la kutagi hakutoa mbadala. Alisema atalifikiria.

Nikatii. Jumatatu nikamwandikia mume wangu akiwa kazini: "Kuna mwanaume simjui ananifuata tangu asubuhi." Nilimaanisha kwenye ukurasa wangu. Mume aliacha kikao katikati, akaja mbio, na njiani akamchukua mlinzi wa ofisini kwao. Walinikuta sebuleni nakunja nguo.

La mwisho ndilo lililonifanya nikuandikie. Juzi ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Usiku wake nilimwambia mume, "Kesho usisahau kunipostia." Asubuhi nafungua simu kwa hamu, nakuta ameposti friji langu la zamani, lile nililokuwa nalitafutia mnunuzi. Picha nne, moja ya ndani taa ikiwa inawaka. Maelezo: "Bado lina nguvu, sababu ya kuuza ni kupata jipya." Siku yangu ya kuzaliwa, Bibi! Nilipolalamika akanijibu, "Si ulisema nikupostie? Ungetaka nikuposti ungesema niposti." Kumbe nimeolewa na mwalimu wa pili.

Nisaidie. Ni kutaga au kutagi? Mume wangu ana haki au anatafuta pa kujificha? Na baba mkwe nimwombeje radhi bila kutaga tena?

Wako,
Aliyetaga Bila Kukusudia

* * *

Marahaba mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa ajili yako, mara mbili zilizofuata kwa ajili ya baba mkwe wako. "Mimi nilizaliwa. Sikutagwa." Maneno matatu! Mtu mwenye hasira haandiki hivyo. Mwenye hasira huandika aya nzima, husahau nukta, na huanza na "Nyinyi vijana wa siku hizi". Huyu alifuta na kuandika upya mara mbili, mwenyewe uliona, mpaka akapata kauli ya kutendwa, wakati uliopita, hali ya kukanusha, vyote ndani ya neno moja. Mzee alikuwa anastarehe. Pengine hajapata mwanafunzi mzuri kama wewe tangu astaafu.

Tuanze na yai, maana humo mna sarufi nyingi kuliko unavyodhani.

Kutaga ni kitenzi chetu cha tangu zamani, na mwenye nacho ni kuku, bata, nyoka na jamaa zao. Kinaishia kwa a kama vitenzi vyetu vyote vya asili: soma, lala, cheka. Kile kingine, cha kuambatanisha jina la mtu kwenye picha, kimeingia juzi, na wengi wetu tunakitamka kutagi, kwa i. Kwa hiyo ulipaswa kuandika "nimekutagi". Herufi moja tu, na baba mkwe angebaki kuwa mamalia.

Ila subiri. Hiyo i inakulinda ukikubali, haikulindi ukikana. Vitenzi vyetu vya a, vikikanushwa wakati uliopo, hugeuza a kuwa i: nasoma, sisomi, nalala, silali. Kuku naye, kama angeulizwa, angesema "leo sitagi". Na wewe usiyependa kuwasumbua watu kwenye picha zako, utasema nini? "Sitagi." Hapo wewe na kuku mmekutana mlangoni na hakuna wa kuwatenganisha.

Sasa soma tena ile samahani yako: "Mimi sikutagi." Maana ya kwanza: mimi huwa sikuambatanishi wewe kwenye picha. Maana ya pili: mimi sikumwambatanisha mtu yeyote, kwa sababu hiyo -ku- inaweza kuwa ya wakati uliopita uliokanushwa na isiwe wewe kabisa. Maana ya tatu: mimi, baba, si mtagaji wako. Zipo tatu kweli, hakukuonea. Ulichotaka kusema ni "sitakutagi tena", na hapo kuku hana nafasi, maana yeye angesema "sitakutaga".

Twende kwenye amri ya marufuku. Kiswahili kina milango miwili ya kuingilia vitenzi. Mmoja ni wa wenyeji, ule wa a. Mwingine ni wa wageni, na ulichongwa zamani sana walipoingia safiri, jibu, samehe, sahau, amini na fikiri kutoka Kiarabu. Hawa waliruhusiwa kubaki na vokali zao za mwisho, na ukikana hawageuki: sisafiri, sijibu, sisamehe. Hakuna mtoto anayesema "sisafira". Alipokuja Mwingereza na vitenzi vyake hatukujenga mlango wa tatu. Tulimwonyesha uleule wa wageni: kusaini, kuripoti, kuchaji, kupaki. Na kuposti, kulaiki na kutagi wamefuata foleni hiyohiyo kwa adabu, hawakuruka ukuta.

Kila lugha ina mlango wake wa hivyo. Mtaliano humvika mgeni -are akapata postare na taggare, yakaisha. Mhispania hutumia -ear, na kitenzi tuitear kiliingia katika kamusi ya Akademia ya Kifalme ya Kihispania toleo la 2014. Mjerumani ndiye wa kuhurumiwa, maana hutaka kuweka ge- kwenye kitenzi cha wakati uliopita, na neno downloaden likamshinda pa kuiweka: wapo wanaosema gedownloadet, wapo wanaosema downgeloadet. Sisi wenye kulumbana juu ya yai tuna nafuu.

Kama unataka kumwuliza baba mkwe swali moja tu, kwa upole, tena baada ya chakula, mwulize hivi: "Baba, kwa miaka 34, wanafunzi wasiopata alama za kutosha walikuwa wanafanya nini?" Atakujibu walikuwa wanafeli. Na mwalimu aliyewapa alama hizo? Aliwafelisha. Kufeli ni Kiingereza kitupu kilichovaa kanzu. Kimeshanyambuliwa, kimeshazaa felisha na felishwa, kimo kwenye kamusi, na yeye mwenyewe amekitumia kwenye ripoti za kila muhula. Hata hiyo ripoti yenyewe!

Mimi hupima ukaazi wa kitenzi kwa minyambuliko yake. Mgeni aliyekaa mkao wa kula kwenye kigoda huonekana kwa namna anavyopokea viambishi vyetu bila kushtuka. Posti amepokea: postiwa, postia, postiana, postisha. Tena ona anavyojua adabu. Ana o katikati, lakini hasemi "postesha", anasema postisha, kwa sababu vitenzi vya mlango wa wageni husikiliza vokali ya mwisho. Ndiyo maana kopa huzaa kopesha lakini kodi huzaa kodisha. Hakufundishwa na mtu. Kwa hiyo BAKITA, ambalo limekuwepo tangu 1967 na lina kazi nyingi, litakuja kukuta posti ameshapanga chumba na ana watoto.

Hapo ndipo anapoingia mume wako na friji.

Nasikitika kukuambia: kisarufi ana haki. Angalia jozi unayoijua vizuri. "Nijibu" ni unijibu mimi. "Nijibie" ni umjibu mtu mwingine kwa niaba yangu, labda simu inaita na mikono yangu ina sabuni. Hakuna anayezichanganya. Basi na hii ni hiyohiyo: "niposti" ni uniweke mimi hadharani, sura yangu, tabasamu langu, na maneno mawili matatu ya kunisifu. "Nipostie" ni utundike kitu kwa niaba yangu. Kitu gani? Hukutaja. Kauli ya kutendea ikiachwa bila kitu, msikilizaji hutafuta kilicho karibu, na kilichokuwa karibu ni friji.

Kauli hiyo ina ncha ya pili pia. Inabeba faida, inabeba na hasara. Mtu akisema "amenipikia", ameshukuru. Akisema "amenifia", amefiwa. Kwa hiyo wewe leo unaweza kusema "mume wangu amenipostia friji" na sentensi hiyohiyo ikawa shukrani mchana na mashtaka usiku. Mimi naona yako ni ya usiku.

Lakini sarufi haimtoi mtu kwenye kosa la tarehe. Alijua ni siku gani. Mtu anayejua tofauti ya kutenda na kutendea kwa ufasaha huo anajua pia mkewe amezaliwa lini. Mwambie Bibi amempa alama zote za minyambuliko na sifuri ya ufahamu.

(Enzi zetu msichana alisubiri kuposwa. Siku hizi anasubiri kupostiwa. Naona ni silabi moja tu imeongezeka, ila wazazi hawaitwi tena kwenye kikao. Na wewe unayeandika "nitaposta kesho", tafadhali: posta ni mahali barua zinapolala.)

Kulaiki nako kuna mambo. Mwezi uliopita simu yangu ililia nikiwa natafuta miwani. Kwa mbali nikaona ujumbe wa mjukuu wangu, umekatwa katikati kama kawaida ya simu: "Bibi nimekula…" Nikafurahi, mtoto huyu hula kwa kubembelezwa. Nikamjibu, "Vizuri, umekula nini?" Akanyamaza kidogo kisha akaandika, "Picha yako." Nilipovaa miwani ndipo nikausoma wote: "Bibi nimekulaiki ile picha ya kilemba." Nimemsamehe, ila kiambishi chake sijakisamehe. "Nimekulaiki" maana yake aliyependwa ni wewe mwenyewe, na ukimwandikia hivyo mume wa mtu, jiandae. Kama kilichopendwa ni picha, sema "nimeilaiki picha yako". Kale ka-i- kadogo katikati kameokoa nyumba nyingi.

Sasa ile kufuata. Hapa baba mkwe alikupa neno zuri lakini hakukupa maelekezo ya matumizi. Kufuata ni kitenzi chenye miguu. Mwanaume asiyejulikana "akinifuata tangu asubuhi", mlinzi lazima aitwe, na mume wako alifanya sawasawa (hapo kapata alama). Na "tunafuatana" je? Tumeongozana, tuko safari moja. Na "wafuasi" wako 300? Mtu akisikia atauliza umeanzisha dini gani. Dawa yake ni ndogo: usikubali kufuatwa wewe, fuatwa ukurasa. "Kuna mtu anafuata ukurasa wangu", na mume anabaki kikaoni.

Kufolo sikusukumii sana. Kiswahili hakina mazoea na kitenzi kinachoishia kwa o, na kinywa kinajua. Jaribu kukitia kutendwa: "nimefolowa". Unasikika kama mtu aliyenyeshewa akiwa na mafua.

Shea ndiye mjanja wao. Yeye ameingia na -ea mwishoni, akafanana na pokea na tembea, walinzi wa mlango wakamdhania mwenyeji. Kwa hiyo amepita mlango wa a, na ukikana anageuka kama wenyeji: "mimi sishei uvumi", kama "sipokei". Tabu inaanza ukimweka na -mesha-. Video "imeshashewa". Mimi nina meno bandia, mjukuu wangu, kwa neno hilo natumia kushirikisha na sioni aibu. Amri ya baba mkwe hapo naiunga mkono kwa sababu za kiafya.

Kumbloki mtu tunaweza, kumrudisha ndiko kunakotushinda. Vijana wanasema "amenianbloki", "amenianfolo". Tazama hiyo an ilipokaa: ame-ni-an-folo. Kiambishi cha Kiingereza kimejipenyeza katikati ya vyetu kama abiria aliyekalia mizigo ya watu. Na sisi tunayo njia yetu ya kutengua, tena iko mkiani: funga, fungua, kunja, kunjua, chomeka, chomoa. Kwa kanuni hiyo, na kwa sababu ya ile o, aliyeblokiwa angepaswa kublokolewa. "Nimeshakublokoa." Lisikilize vizuri, ndani yake mna okoa. Nimejaribu kulitumia, wajukuu wakacheka hadi wakakaa chini, lakini siku mbili baadaye nikamsikia mmoja wao analisema kwenye simu akidhani sipo.

Jingine la haraka, maana linaweza kukugharimu: ukurasa ukihakikiwa ni heri, umethibitishwa kuwa ni wako. Ukihakiwa ni balaa, umeingiliwa na wezi. Silabi moja, tena yenye herufi mbili. Mimi kwa hili situmii neno la kigeni kabisa, nasema umedukuliwa, na hakuna anayenipongeza kwa makosa.

Kuhusu kutwiti sijui nikuambie nini. Mtandao wa Twitter ulizinduliwa 2006, ukabadilishwa jina kuwa X Julai 2023, na kitenzi kikabaki yatima. "Nimeeksi"? Inasikika kama umeachana na mtu. Watu wanaendelea kutwiti tu mahali ambapo hapaitwi hivyo, kama tunavyoendelea kupiga simu na hakuna anayeipiga.

Haya, tumalize na mkweo. Usidhani niko upande wa kutetea kila kinachoingia. Mzee ana hoja, na akiba yetu si ndogo. Kupakia na kupakua, kwa mfano, kwa ajili ya kuweka faili mtandaoni na kulichukua: jozi hiyo ilikuwa inashusha na kupandisha mizigo karne nyingi kabla ya kompyuta, na ilipoitwa ikaja bila kubadilisha hata nguo. Kubofya ni zuri. Kuperuzi ni la kigeni lakini linavutia kuliko mwenyewe. Kwa hiyo usiende kwake kubishana. Nenda na zawadi.

Umesema mwenyewe, neno moja tu lilimshinda: mbadala wa kutagi. Wiki mbili anafikiria. Mpelekee hili: kubandika jina. Jina unalibandika kwenye picha, na ukitaka kulitoa unalibandua. Bandika, bandua. Kauli ya kutendua iko tayari mkiani, haihitaji an ya mtu. Ila usimpelekee kama jibu, atalisahihisha. Mpelekee kama swali. Mwalimu mstaafu haombwi radhi, anaulizwa swali.

Andika hivi, tena hukohuko kundini, mbele ya wale 46 na mayai yao:

"Shikamoo baba. Naomba radhi kwa lile yai. Jina lako bado nimelibandika kwenye picha ya sherehe, ukipenda nitalibandua. Nilitaka kukuuliza, je, kubandika na kubandua yanaweza kutufaa badala ya lile neno la kuku?"

Usiongeze kitu. Usiweke emoji. Angalia sana "tafadhali" kama utaitia. Kisha weka simu chini, na ukiona "anaandika…" inakuja na kupotea, inakuja na kupotea, usimharakishe. Anachagua kauli.

Bibi Sarufi